DUBWANA TUSILOLIONA

Ikiwa umeketi vizuri, na ikiwa taa za bweni hazijazimwa, nisomee kisa hiki polepole. Ni kisa cha likizo ya Agosti mwaka jana, nyumbani kwetu Sigor. Kinahusu TV, dubwana na macho ya nyanya yangu.

Kwa wale wasiokujua kwetu, Sigor iko Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Watu wakisikia Bomet hudhani kila mtu ana majani ya chai mlangoni. La hasha! Chai nyingi iko upande wa juu wenye baridi na mvua, kuelekea Kericho. Sisi wa upande wa chini ni watu wa mahindi na ng'ombe. Hata hivyo, chai ndiyo iliyotununulia TV. Kaka yangu mkubwa alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa huko juu. Mashine za kuchuma chai zilipoongezeka, kazi ya mikono ikapungua. Msomaji atakumbuka kwamba mwezi wa Mei mwaka wa 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto katika maandamano kule Kericho. Kaka hakuchoma kitu. Alilipwa pesa zake za mwisho, akakunja blanketi lake, akarudi nyumbani. Majirani walimwona akishuka kwenye matatu akiwa amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na TV ya inchi 32.

"Sasa watoto hawataenda kwa watu kutazama wakifukuzwa," alimwambia mama.

Kwa kaka, ile haikuwa TV tu. Ilikuwa miaka sita ya mgongo wake, kikapu juu, mvua juu, imefungwa ndani ya sanduku moja.

Basi jioni moja kaka alirudi kutoka senta na flashi mfukoni. Alikuwa amenunua filamu kwa shilingi 50, tena filamu mpya ya madubwana makubwa yanayobomoa miji. "Leo mtaona dude lenyewe!" alitangaza. Habari zilienea kama moto wa kiangazi. Watoto wa jirani walikuja, baba yao akawafuata akijifanya anawatafuta. Kogo, yaani nyanya yetu, aliletwa kutoka nyumba yake akakalishwa mbele kabisa kwenye kiti cha mto, kama mgeni wa heshima.

Filamu ilianza vyema. Kwa nusu saa tuliona watu weupe wakibishana ndani ya ofisi. Mwangaza ulikuwa mzuri, hata vifungo vya mashati ungeweza kuvihesabu. Kisha usiku ukaingia, mvua ikanyesha, radi zikapiga, na mngurumo ukatoka ambao uliwaamsha kuku wetu huko nje. Dubwana lilikuwa limefika. Lakini lilikuwa wapi?

"Liko wapi?" ndugu yangu mdogo aliuliza.

"Si hapo!"

"Hapo wapi?"

"Hapo kwenye kweusi."

"Lakini kote ni kweusi!"

Naam, kote kulikuwa kweusi. Giza la kaniki lilitanda kwenye TV kutoka pembe hadi pembe. Tulisikia majumba yakiporomoka, tulisikia watu wakipiga mayowe, lakini tulichokiona wazi ni sisi wenyewe. TV iligeuka kioo cha kujitazamia. Mlikuwa na balbu yetu, kalenda yetu ya ukutani, na nyuso za watu wanane waliokunja ndita.

Kaka alishika remoti akaongeza mwangaza. Weusi ukageuka rangi ya jivu, dubwana halikuonekana. Akaongeza tena. Jivu likawa jeupe kidogo, dubwana halikuonekana. Yule jirani akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya huruma inayouma kuliko tusi, "Pole ndugu yangu, ulipigwa. Hiyo ni feki." Kaka hakujibu.

Filamu ilipokwisha nilimwuliza Kogo, "Kogo, umeliona?"

"Nimeliona," akasema. "Ni kubwa sana."

Sote tukacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho nakijutia hadi leo.

Kesho yake kaka alifunga TV kwa blanketi akaipeleka mjini kwa fundi. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi kwa mdomo, akasema taa za ndani zimekufa. Aliitisha shilingi 1,500. Siku ya tatu TV ilirudi ikiwa vile vile, ila sasa ilikuwa na mstari mwembamba pembeni ambao haukuwako. Mama, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, alisema siku hiyo kwamba pesa hizo zimepotea bure. Kaka alitoka nje akaenda kuketi karibu na zizi. Kwa siku kadhaa hakuiwasha TV, wala hakutaka mtu aiwashe.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kufikiri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilijiuliza: mbona habari za saa moja zinaonekana? Mbona kwenye kandanda tunasoma hata namba za jezi? TV gani hii inayougua dubwana likija, kisha inapona mpira ukianza? Usiku huo niliazima simu ya kaka, nikatafuta na kusoma hadi chaji ikaisha.

Msomaji, nilipigwa na butwaa. Dunia nzima ilikuwa inalia kilio chetu! Tarehe 28 Aprili 2019, tamthilia ya Game of Thrones ilionyesha kipindi kiitwacho The Long Night, cha vita vya usiku kucha dhidi ya wafu wanaotembea. Watazamaji wengi walilalamika kwamba hawakuona nani anampiga nani. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijitetea. Alisema giza lile lilikusudiwa, na kwamba watu wengi hawajui kurekebisha TV zao. Soma tena hapo, msomaji. Mtu anawasha TV nyumbani kwake, haoni kitu, kisha anaambiwa kosa ni lake.

Asubuhi nilimkimbilia kaka akikamua ng'ombe. "Kaka! Hata Marekani hawaoni!"

"Hawaoni nini?"

"Madubwana! TV yako ni nzima!"

Aliendelea kukamua kwa muda, kimya, kisha nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa kikapu.

Sasa nieleze kwa ufupi nilivyoelewa, na mwalimu wa Fizikia anisahihishe nikikosea. Jumba la sinema hutiwa giza tupu. Pazia lake halina mwangaza mkali. Kipimo kilichozoeleka ni kama kandela 48 kwa kila mita mraba, na TV nyingi za nyumbani zaweza kuupita mwangaza huo mara kadhaa. Lakini mle sinema hakuna balbu, hakuna dirisha, hakuna mlango unaofunguliwa kila mara. Pia macho ya binadamu huhitaji kati ya dakika 20 na 30 kulizoea giza barabara. Mtengenezaji wa filamu naye hukaa katika chumba chenye giza, mbele ya kioo cha bei ghali kilichopimwa sawasawa, akaona kila gamba la dubwana lake. Anaridhika. Kisha kazi hiyo inafika Sigor, chini ya balbu, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Mwangaza wa chumba unaruka juu ya kioo na kumeza yale meusi yote.

Isitoshe, filamu yetu ilikuwa nakala ya shilingi 50. Filamu ikibanwa ili ienee kwenye flashi, vitu vya kwanza kutupwa ni vile vidogo vidogo vilivyo gizani, na badala yake unaona vipande vya mraba kama matofali. Katika hili lawama ni yetu. Aliyeitengeneza hakupata hata ndururu ya pesa zetu.

Tena kuna sababu nyingine. Zamani filamu ilihitaji taa nyingi sana ili picha itoke, kwa hivyo hata usiku wa sinema ulikuwa na rangi ya buluu ya kuonekana. Kamera za siku hizi huona kwa mwanga kidogo mno, na wapigapicha wamenogewa na giza. Pia dubwana siku hizi huchorwa kwa kompyuta, na usiku wa mvua husitiri kasoro za uchoraji. Sisi wafugaji twaijua hila hiyo. Anayekuletea ng'ombe wa kuuza jua likiwa limezama, mwambie arudi kesho asubuhi.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Giza lina kazi yake. Dubwana la kuonekana saa sita mchana kutoka kichwa hadi mkia halimtishi mtu. Lakini kuficha si sawa na kuzima taa. Katika Jaws ya mwaka wa 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara, ikambidi Steven Spielberg amfiche. Alimficha wapi? Chini ya maji, jua likiwaka! Godzilla wa kwanza, yule wa Japani wa mwaka wa 1954, aliivamia Tokyo usiku, tena katika filamu isiyo na rangi. Lakini jiji lilikuwa linawaka moto nyuma yake, ukamwona vizuri sana. Katika Jurassic Park ya mwaka wa 1993, yule mnyama mkubwa alitokea usiku wa mvua, kama wa kwetu tu. Tofauti ni kwamba mlikuwa na taa za magari, na mtoto mmoja akawasha tochi. Mtazamaji alitetemeka kwa sababu aliona.

Na hapa kwetu tuna dawa nyingine. Katika vibanda vya video, watu hupenda filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Picha ikiwa nyeusi, yeye anakwambia nani ameingia, anataka nini, na kwa nini atapigwa. Uganda nako wana wasimulizi wao wanaoitwa ma-VJ. Wasomi wengine huwadharau, lakini mimi nasema sauti nayo ni taa.

Nirudi kwenye kisa. Kaka sasa alikuwa mtu mpya. Alisema turudie filamu, mara hii kwa mpango. Tulizima balbu, tukaziba dirisha kwa blanketi, tukaweka TV kwenye mpangilio wa sinema, tukakaa gizani kwa muda tukiyapa macho nafasi. Kogo aliketi mahali pake pa mbele. Mvua ikaanza kunyesha kwenye filamu, radi zikapiga, mngurumo ukatoka, na ghafla ndugu yangu mdogo akaruka juu.

"Mkia! Mkia huo!"

Kweli ulikuwa mkia. Ulipita nyuma ya jengo, mrefu, wenye miiba. Tulishangilia kama watu waliofunga bao. Nikageuka kumwangalia Kogo. Alikuwa hatazami TV. Alikuwa amegeuza uso upande wetu, akisikiliza furaha yetu.

Kabla sijasema neno, stima ikapotea. Mambo ya kwetu hayo.

"Afadhali," alisema Kogo gizani, kwa Kikipsigis, nami natafsiri. "Sasa mimi niwaonyeshe langu."

Akatuhadithia habari za Chemosit, zimwi la wazee wetu, ambalo wenzetu Wanandi pia wanalo. Habari zake ziliandikwa katika kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi mwaka wa 1909. Na Wazungu waliokuja zamani walidai kuona mnyama wa ajabu wakamwita dubu wa Nandi, ingawa hadi leo hakuna aliyeleta hata mfupa wake mmoja. Lakini Kogo hajasoma Hollis. Alisema Chemosit ni nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja tu, na hutembea akijikongoja kwa fimbo kama mkuki: ko, ko, ko. Alipiga sakafu kwa mkongojo wake, ndugu yangu mdogo akanishika mkono. Mdomo wake ni mwekundu, alisema, na usiku unawaka kama taa. Watoto huiona taa ile kwa mbali, wakasikia na wimbo, wakadhani kuna ngoma, wakaenda.

Hebu fikiri, msomaji. Wazee wetu walisimulia katika nyumba isiyo na dirisha la kioo wala stima, mahali ambapo usiku ni usiku kweli. Na zimwi lao walilipa taa mdomoni! Walijua kwamba msikilizaji lazima aone. Tulikuwa gizani totoro, lakini mimi namwapia mtu yeyote kwamba Chemosit nilimwona, mguu wake, fimbo yake, na ule mwekundu wa mdomo ukija kupitia mahindini.

Hadithi ilipokwisha palikuwa na kimya. Kisha Kogo akauliza polepole, "Ile siku ya kwanza, watu walipokuwa wamejaa hapa. Nyinyi mlikuwa mnaliona?"

"Hapana, Kogo," kaka akasema. "Hakuna aliyeliona."

"Hakuna?"

"Hata mmoja."

Alinyamaza tena. "Mimi nilidhani ni macho yangu yamekwisha," akasema. "Ndiyo maana niliwaambia nimeliona. Niliogopa mtasema nyanya yenu amekuwa kipofu, mnifungie ndani."

Karibu wiki mbili! Nilikumbuka kwamba tangu siku ile hakuwa ameenda sokoni. Alikuwa akisema miguu inauma. Ushanga wake ulikuwa kwenye mkebe, haujaguswa. Sisi tulikuwa tukibishana kuhusu TV, na mzee alikuwa ameketi nyumbani kwake akiomboleza macho yake peke yake.

Kaka ndiye aliyeuliza swali lililobaki. "Na huu mkia wa leo, Kogo?"

"Mkia sikuuona," alijibu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Giza la kwanza halikuwa lake, lilikuwa la filamu. Giza la pili lilikuwa lake kweli, nasi tusingelijua kamwe kama hatungekiri kwamba hata sisi hatukuona kitu. Wiki iliyofuata kaka alimpeleka Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, ambako kuna madaktari wa macho. Wakasema ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi, na kwamba linatibika. Pesa ambazo kaka alikuwa ameweka kando ili anunue TV nyingine zilikwenda huko. Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza, na bandeji ilipotolewa Kogo alimtazama kaka kwa muda mrefu akamwambia, "Umekonda."

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Kogo alitaka turudie ile filamu. Tulimkalisha mbele. Balbu ilikuwa inawaka kwa sababu mama alikuwa anachambua maharagwe. Usiku wa filamu ukaingia, mvua ikanyesha, TV ikawa nyeusi tititi. Kogo alisogea mbele, akafumba jicho moja, akatazama, kisha akaangua kicheko hadi machozi.

"Hata sasa silioni!" akasema. "Basi si mimi. Ni hao walioitengeneza."

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nimeyaandika haya kwa sababu mwaka uliopita nilileta insha kwenye jarida hili ikarudishwa. Nilikuwa nimeijaza msamiati wa kamusi kutoka mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu mmoja aliisoma akaniambia, "Ni nzuri sana." Nikafurahi. Sasa namkumbuka Kogo akisema, "Nimeliona, ni kubwa sana," na nashuku kwamba rafiki yangu hakuona kitu, akadhani kosa ni la macho yake.

Kwa hivyo nawaomba mambo mawili. Ukiandika, weka taa mdomoni mwa zimwi lako. Na ukisoma usielewe, ukitazama usione, sema. Huenda ni maandishi yenye giza, nawe hutakuwa na deni. Huenda ni macho yako, nayo yatatibiwa. Lakini usiketi kimya gizani ukisema umeona.



Mwanachama, Kidato cha Tatu